Mgeni Niliyemkata kwenye Arusi ya Saumu

Haya nitakayokwambia niliyaona kwa macho yangu, mchana kweupe, sina homa wala njaa. Nayasema hayo mapema kwa sababu watu wa Ukunda nimewachoka. Kila nikianza kusimulia hakosi mmoja wa kuniuliza kama usiku wa kuamkia siku hiyo nililala vizuri. Nililala vizuri, ahsante. Asiyetaka kusikiliza na aende zake, na anayetaka akae atulie.

Kazi yangu ni kupiga video za arusi, upande wa wanawake. Wewe kama ni wa pwani unajua: ndani humo watu wako kichwa wazi, wamejipamba, wanacheza wanavyotaka, na mwanamume hatii mguu. Na video yenyewe pia haiangaliwi na mwanamume asiyehusika. Kwa hiyo mtu mashine yake ikimharibikia na ndani yake mna arusi, hawezi kuipeleka kwa mafundi wa barabarani wakamtazama mwanawe huku wanakunywa soda. Huniita mimi. Ufundi sikusomea popote. Nimejifunza kwa kulazimika, nikiharibu vyangu kwanza.

Siku hiyo aliyenipigia simu ni Bi Mwanasha wa Msambweni. Mama mtu mzima, mpole, maisha yake yote amepikia watu Diani. Mzungu wake wa mwisho alipokuwa anarudi kwao alimwachia mashine ya kurekodi DVD, ile inayoweka picha ndani kwenye kumbukumbu yake, kisha ukitaka unazichoma kwenye CD. Bi Mwanasha alisema imegoma kuchoma, amejaribu yeye, amejaribu mpwa wake wa kike, haitaki. Nikaondoka Mwabungo asubuhi, nikafika kwake jua halijawa kali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Nakuomba uifanyie kwa roho yako yote hii."

Akanieleza. Ndani ya mashine hiyo mlikuwa na arusi ya Saumu, mwanawe wa pekee. Saumu alifariki siku ya kujifungua. Mtoto alipona, naye ndiye Zuhura, aliyekuwa amekaa hapo mkekani na kijiko chake anapiga sufuria. Alikuwa ndiyo kwanza anaanza kusema maneno yakaeleweka. Sauti ya mama yake hajapata kuisikia ila humo. Kila Ijumaa bibi yake humweka mbele ya televisheni akamwambia, huyo ndiye mamako, hebu msikie anavyozungumza. Kanda ya kwanza haipo tena, binamu wa kike aliyepiga video alisharekodi arusi nyingine juu yake. Na sasa mashine ilikuwa imeanza kugongagonga ndani na kukwama. Bi Mwanasha alitaka CD kabla haijafa.

"Ikifa hii," akaniambia, "nitamwonyesha nini mtoto?"

Walahi nilimhurumia. Nikavua buibui nikaanza kazi.

Nilianza na yale ya kawaida. Nilifungua, nikasafisha lenzi kwa pamba na spiriti, nikabadilisha CD, nikaichomesha polepole badala ya haraka. Kila mara ilikwenda vizuri mpaka karibu na mwisho, kisha ikatema sinia lake la CD na kuandika kwamba imeshindwa. Nikarekodi habari kidogo kutoka kwenye televisheni, nikazichoma. Zikakubali. Nikarekodi na kisomo cha Kurani, kikakubali, kikacheza safi kabisa. Unaona hapo? Kichomeo hakina neno. Ugonjwa umo ndani ya arusi yenyewe.

Sasa ukifika hapo huna budi kugawa. Unakata rekodi nusu kwa nusu, unajaribu kila upande, ule unaokataa unaugawa tena. Nilikuwa najaribia kwenye CD moja tu, ya zile za kufutika, naifuta na kuichoma tena, ile nzuri nimeiweka kando kwa kazi ya mwisho. Nikagawa, nikagawa, Bi Mwanasha amekaa nyuma yangu anavuta tasbihi. Mpaka nikabaki na kipande kidogo, cha muda usiotosha hata kumaliza kikombe cha chai. Hicho tu. Mengine yote yalichomeka.

Mara nyingi mahali kama hapo picha huwa imevunjikavunjika. Hapa ilikuwa safi kuliko kwingine kote. Saumu amekaa kwenye kiti cha bi arusi, hina mpaka viwikoni, wanawake wanapita kumtuza. Anakuja mwanamke wa makamo, anakaa kando yake, ubavu wake mmoja kwenye kamera, begani amebandika kikuba, kile kishada cha maua ya asumini. Anainama sikioni kwa Saumu, anasema neno. Saumu anacheka. Basi.

"Huyu nani, mama?" nikauliza.

Bi Mwanasha aliacha tasbihi. "Mie siku zote nikidhani ni wa upande wa bwana."

Akampigia simu mkwewe, mama wa bwana arusi, hapo hapo. Mkwewe akamjibu, "Sisi sote tulidhani ni wa kwenu." Niambie, umekwenda arusi ngapi wewe ukaona mtu usiyemjua, ukajisemea ni wa upande ule? Ndivyo ilivyo. Hakuna anayeuliza.

Nikamwuliza kama nimtoe. Akasema nimtoe, mtu asiyejulikana ana shughuli gani na mwanawe. Nikaweka alama mwanzo wa kipande, nikaweka alama mwisho wake, nikabonyeza kufuta. Mashine ikauliza kama nina hakika. Nikaikubalia. Rekodi ikaungana vizuri, Saumu yuko peke yake, hata huoni palipokatwa. Nikafurahi, sikufichi. Nikaichukua ile CD nzuri, naifungua karatasi yake.

Hapo ndipo tukasikia hodi.

"Hodi wenyewe."

Na sisi tumelelewa vipi? Mtu akipiga hodi utamjibu nini? Bi Mwanasha akasema karibu, bila kufikiri, kama ambavyo ningesema mimi na wewe. Adhuhuri ilikuwa imekwisha kupita, nje jua linawaka, njia nzima haina mtu. Mlango ulikuwa wazi. Akaingia.

Niamini ninapokwambia kwamba nilimjua kabla hajavuka kizingiti. Leso ile ile. Kikuba kile kile begani, asumini mbichi, harufu ikajaa chumbani, nayo ni arusi ya miaka nyuma. Aliingia ubavuubavu, na ubavu aliotuonyesha ni ule ule wa kwenye picha. Akakaa mkekani kando ya Zuhura. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa televisheni, nikazunguka taratibu nimchukue mtoto kwa nyuma, na kila nilipokwenda ubavu wake ulikuwa ule ule mbele yangu. Upande wa pili sikuuona. Mpaka leo nafikiri hakuwa nao. Kamera haikuupiga, basi haukuwapo.

"Mmenitoa," akasema. Midomo ilicheza kwanza, sauti ikaja baadaye kidogo. "Nami nilialikwa."

Bi Mwanasha akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye hakumwalika.

"Ulikuja dirishani kwangu. Ukasema, nyote mliomo ndani mnaalikwa kwenye arusi ya Saumu."

Nikamwona Bi Mwanasha amekumbuka. Ngoja nikueleze. Arusi za wanawake kwetu zinaalikwa kwa mdomo, nyumba kwa nyumba, na unayemruka atakulaumu mpaka kaburini. Kwa hiyo ukikuta mlango umefungwa husemi labda hawapo, unasimama dirishani unasema mwaliko wako, kama kuna mtu amelala ausikie, kisha unakwenda zako. Ile siku ya kualika, Bi Mwanasha alipita kwenye nyumba ya mawe iliyo mwisho wa njia, kuelekea baharini. Nyumba hiyo mwenyewe alishafariki na watoto wake wamehamia mbali. Yeye akaona dirisha limefunguliwa kidogo, akadhani kuna wapangaji wapya. Akaalika. Atajuaje?

Yule mwanamke akainama sikioni kwa Zuhura, vile vile alivyoinama kwa Saumu. Akasema neno. Mtoto akacheka.

Bi Mwanasha ndiye aliyemrukia mtoto akamvuta kifuani kwake. Nami nikaanza kusoma, audhu billahi, hata sijui nilisoma nini baada ya hapo, nilichanganya kila kitu nilichofundishwa kwenye chuo cha Kurani. Hakuonekana kusikia. Alikuwa anamtazama Bi Mwanasha kwa jicho lake lile moja.

"Toka nyumbani kwangu," Bi Mwanasha akasema.

"Natoka. Nimekwisha kutoka humo, natoka na hapa." Akanyoosha kidole kwenye mashine. "Wako bado yumo."

Bi Mwanasha akaigeukia mashine. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu nilimwona anafikiri. Ungekuwa mama ungefikiri nini wewe? Mgeni alikuwa ndani ya mashine, tumemfuta, amekuja na miguu yake, amepiga hodi, asumini yake inanukia.

"Na mwanangu," akauliza, "naye akifutwa?"

"Akija atapiga hodi. Mwitikieni."

Nikamwambia mama, usimsikilize huyo, anakudanganya. Nikamshika mkono. Yule mama mpole, niliyemwambia shikamoo asubuhi ile, alinisukuma nikaangukia meza, mtoto kamkumbatia kwa mkono mmoja na rimoti iko katika mkono wa pili. Sijui alizijulia wapi zile kurasa za kufutia zinazotokea kwenye televisheni. Nadhani aliniona nilivyofuta mimi. Alichagua arusi yote. Mashine ikauliza kama ana hakika. Nilisimama nikamfuata, nikapiga kelele, nikamwambia Zuhura ataangalia nini, mama, mtoto huyu ataangalia nini. Akabonyeza.

Televisheni ikawa buluu. Ile CD nzuri ilikuwa bado mkononi mwangu, haina kitu, na ile ya majaribio nilikuwa nimeshaifuta.

Yule mwanamke aliinuka akatoka ubavuubavu kama alivyoingia, hakuaga. Nilitazama nje, njia nyeupe kwa jua, sikuona mtu. Bi Mwanasha alikwenda akasimama mlangoni na mtoto. Hakulia. Alikuwa anatabasamu, Mungu nisamehe, amejitengeneza leso kichwani kama mtu anayetarajia wageni. Tulikaa hivyo mpaka alasiri ikaingia. Tulikaa mpaka wakaadhini magharibi. Hakuna aliyekuja. Aliniomba nijaribu kurudisha, nikajaribu kila nilichokijua na nisichokijua. Baadaye niliitoa ile kumbukumbu nikaichukua mpaka Mombasa, kwa mwanamke anayejua kompyuta kunishinda. Akaniambia haina chochote. Habari zilikuwamo, kisomo kilikuwamo, arusi hamna.

Mimi tangu siku hiyo sikati mtu. Mteja akinambia mtoe fulani, walikosana, mtoe mke wa zamani, nakataa, akitaka atafute mwingine. Watu wananiona nina maringo. Na kabla sijawasha kamera nauliza ukumbini kila mmoja ni nani na wa upande gani, mpaka wengine wananuna. Wanune. Harufu ya asumini siku hizi inanitoa nje, na arusi gani ya kwetu haina asumini?

Lakini mimi nimepona. Nenda ukamwone Bi Mwanasha. Mlango wake haufungwi, mvua inyeshe jua liwake, na kikombe cha tatu hutiwa chai kila siku ikapoa ikamwagwa. Amemfundisha mjukuu wake kwamba mama yuko njiani. Nilikwenda kuwatazama Idd iliyopita. Nilipopiga hodi tu nikasikia miguu midogo inakimbia ndani, na sauti ikaniita, "Mama?" Nikasema jina langu upesi. Zuhura akatokeza, akanitazama, akarudi ndani. Bibi yake akaniambia ndivyo anavyofanya kwa kila hodi, muuza samaki, jirani, mwalimu wa chuo, yeyote. Amekwisha kusahau mama yake anasikika vipi. Sauti yoyote itamtosha.

Kwa hiyo nakuonya, wewe mwenye safari ya Msambweni. Ukifika nyumba yenye mlango wazi namna hiyo, taja jina lako kabla ya hodi. Na ukimsikia mtoto anaita mama usiitikie, hata kwa utani, hata kwa huruma. Mwambie wewe si mama yake. Mwambie kila ukipita, labda atazoea kusikia hapana. Maana yule mwanamke alimnong'oneza neno ambalo sisi hatukulisikia, na nyumba yake iko mwisho wa njia ile ile, na mtoto anaita kila siku. Siku moja atakuja mwanamke yule apige hodi, mtoto amwite mama. Naye ataitikia.