Korido ya Bwana Bustani

Msanifu wetu wa majengo tulimwita Bwana Bustani, kwa sababu hajawahi kuchora jengo likakosa bustani. Ghala la saruji alilizungushia maua. Hata choo cha stendi, kwenye picha yake, kilikuwa na nyasi za kumfanya mtu atamani kuumwa tumbo.

Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya ujenzi wa wodi ya wazazi, kwa hiyo sisimulii ya kuambiwa. Kikao cha kwanza alitundika ramani ukutani: mistari, vipimo, mishale. Tuliikodolea macho wote kumi na mmoja, tukiitikia kwa vichwa. Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuthibitisha. Mmoja wetu alisifu unene wa karatasi.

Kikao cha pili akaja na projekta na picha za kompyuta. Loo! Wodi inang'aa, jua limelala sakafuni, na katikati ya korido dada mmoja wa viatu virefu amebeba shada la maua. Sasa maswali yakamiminika. Mhasibu alitaka gari lililoegeshwa nje liwe jeupe. Mwenyekiti aliuliza yule dada ni mtoto wa nani. Tulikuwa tumeshashika kalamu kutia saini.

"Samahani wanangu," akasema mkunga, mama aliyetupokea nusu yetu tulipozaliwa. "Mzazi akizidiwa, kitanda kinakatia wapi kona kwenda chumba cha upasuaji?"

"Ipo kwenye ramani, mama," Bwana Bustani akajibu kwa upole wa mtu aliyeudhika. "Korido ni mita moja na robo. Watu wawili wanapishana vizuri tu."

"Mita mimi sizijui. Najua kitanda. Hebu nichoree hapo nje, ukubwa wake wenyewe."

Basi msanifu akachuchumaa uani na suruali yake ya pasi, chaki mkono mmoja, futi ya kupimia mkono wa pili. Kitanda cha magurudumu kikaletwa kutoka wodi ya zamani, na mwenyekiti, mtu wa mizaha, akajilaza juu yake akijifanya ana uchungu. Tukasukuma huku tunacheka. Kwenye kona, upande wa miguuni ukavuka mstari huku, wa kichwani ukavuka kule. Tukarudi nyuma, tukajaribu tena, mara tatu.

"Mama huyo ameshakufa," mkunga akasema taratibu.

Mwenyekiti akashuka kitandani. "Lakini mbona kwenye picha palikuwa pana?"

"Kwenye picha hapakuwa na kitanda, mwanangu."

Bwana Bustani akajipangusa chaki kwenye suruali. Nilimwonea huruma, na nilifurahi kidogo pia. Kikao cha tatu alileta picha moja tu: korido pana, hakuna ua hata moja, wauguzi wawili wanasukuma kitanda kwenye kona. Wanakamati wakanung'unika kwamba haina mvuto. Tulipiga kura ya siri, ikapita sita kwa tano. Ile ya dada na maua tuliiwekea fremu, mpaka leo imetundikwa mapokezi.

Mwaka uliofuata, wodi ikiwa imeshafunguliwa, binti yake Bwana Bustani aliletwa pale, mtoto amekaa vibaya tumboni. Nilimkuta baba mtu kwenye kona ile, mgongo ameubana ukutani. Kitanda kilikuja mbio, mkunga akikiongoza. Kikakata kona bila kupunguza mwendo wala kugusa ukuta, mlango wa upasuaji ukafungwa.

Tulisimama pale mpaka tukasikia mtoto analia, na mkunga akachungulia kutuambia mama yake naye ni mzima. Bwana Bustani akanishika mkono kwa mikono yake miwili, machozi yanamtoka.

"Ile kura moja, katibu. Kila nikihesabu, nasema lazima ilikuwa yako. Asante sana, ndugu yangu."

"Usijali," nikamjibu.

Nilikuwa miongoni mwa wale watano.