Saini za Fundi Cherehani

Mimi ni fundi cherehani. Kila jioni binti yangu hunisomea kitabu cha shule huku nikishona, kisha natia saini kwenye daftari lake kuthibitisha kwamba amesoma. Jana uzi ulikatika, nikainua macho. Alikuwa amefunua kurasa mbili kwa pamoja, na hadithi bado inatiririka kama maji! Kumbe amekariri yote kwa kumsikia mwalimu akisoma darasani.

"Wewe! Anzia mstari wa mwisho, usome kwenda juu."

"Mama, wenzangu wanatiliwa saini tu!"

"Hapa kwangu nguo haitoki bila kujaribiwa."

Alisoma kwa kusuasua, kidole juu ya kila neno, mpaka akafika mstari wa kwanza. Nikatia saini. Kisha nikazipiga mstari saini zote za wiki iliyopita, maana siku hizo sikuwa namsikiliza yeye, nilikuwa namsikiliza mwalimu wake.