Mtini Chumbani kwa Bibi

Tarehe 8 Julai 2023, Njombe. Sakitu, umande ulioganda kwa baridi, ilifunika majani, na ukungu haukuondoka hadi saa tano.

Yunis Mgaya, fundi cherehani, alitunza mtini wa ndani aliopewa na bintiye Rejoice wa Makambako. Ulipoanza kupukutisha majani, alisema ni baridi. Akauweka chumbani kwa mama mkwe wake, bibi yake Rejoice, akaziba dirisha kwa magunia na kuusogeza karibu na jiko la mkaa, maana huku sote tunaota moto hivyo. Majani yakazidi kuanguka. Bibi naye akawa analala hadi mchana, akilalamikia kichwa.

Jioni ya siku hiyo ya sakitu jirani yake, Danford, alichungulia mlango wa chumba na kusalimu.

“Mama Rejoice, mti unaukausha kama dagaa wa Ludewa?”

“Ni baridi tu.”

“Na bibi je? Mbona haitikii salamu?”

Yunis akamtikisa bibi. Hakuamka.

“Ni hewa ya sumu ya mkaa hiyo,” Danford akasema. “Mshike miguu, tumtoe nje.”

Walimlaza barazani. Ilipita karibu nusu saa ndipo akafumbua macho.

Kesho yake asubuhi Yunis alitoa jiko nje, akang'oa magunia, akapunguza matawi yaliyokauka, akauweka mtini dirishani ili uchipue upya.