Dumu la Buluu Chini ya Dirisha

Dumu lile lilikaa nyuma ya nyumba yetu, chini ya dirisha la chumba ninacholala, karibu mwaka mzima baada ya Bibi kuugua. Mama alisema tusilichome, moshi wake mbaya, na tukilitupa shimoni mtu ataliokota. Basi likakaa, limefungwa kifuniko. Jua la Same likilipiga linavimba, jua likishuka linanywea, na kila mara linatoa sauti moja: tok. Niko mezani nafanya hesabu, tok. Napiga mswaki, tok. Mama akiniona nimeshtuka ananiambia, "Dumu tu hilo."

Najua ni dumu tu. Ila nilijua na jambo jingine, na sikuwa nimemwambia mtu.

Huku mjini bomba linatoa maji siku mbili tatu, halafu linakauka. Mama alitaka tuwe na dumu moja la akiba, maji ya kunywa peke yake, lisiguswe mpaka kila kitu kiishe. Akanituma sokoni baada ya shule. "Lita ishirini. Mdomo mwembamba, watu wasichovye vikombe. Kifuniko kiwe kinakaza. Na uulize lilikuwa na nini." Madumu mapya ya dukani tusingeyaweza, kwa hiyo nilikwenda kwa wauza madumu yaliyotumika.

Ya njano yalikuwa ya mafuta ya kula. Yalinata, mengi hayana vifuniko. Ya buluu yalikuwa safi, na bei yake ilikuwa chini kidogo.

"Hayo ya sabuni ya maji, mwanafunzi," muuzaji akasema. "Chukua usepe."

Nilifungua moja nikanusa. Kulikuwa na harufu ya kitunguu saumu kilichooza, nyuma yake kitu kama mafuta ya taa. Pembeni karatasi ya maandishi ilikuwa imekwanguliwa, imebaki gundi. Nikainama tena ninuse vizuri.

"Dada, unanusa dumu au unanusa pilau?" muuzaji akauliza kwa sauti.

Mama mmoja anayeuza nyanya akadakia, "Mwache, mchumba wake yumo humo ndani."

Watu wakacheka. Mimi ni mtu ambaye darasani najua jibu na mkono siunyooshi. Swali lilikuwa limeshafika mdomoni, sabuni gani inanuka hivi, na nikalimeza. Nikalipa nikaondoka na dumu la buluu.

Nyumbani nililiosha kwa mchanga, sabuni na maji ya moto. Harufu ilipungua, haikwisha. Wakati huo Bibi alikuwa kwetu, ameshuka kutoka Myamba kwa ajili ya kliniki ya macho. Alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchicha. Nikamuuliza kama mtu anayeuliza mambo ya shule:

"Bibi, maji yenye harufu yakilala yanapona?"

Alifurahi, maana hakuna anayemuuliza habari za kwao. Akanieleza habari za ndiva, lile bwawa la mlimani wanalokusanyia maji ya kumwagilia. Jioni wanaliziba, asubuhi wanalifungua zamu kwa zamu. "Maji yanakuja na tope. Yakilala usiku, uchafu wote unashuka chini. Asubuhi unajiona uso." Akaniangalia. "Maji yakitulia yanajisafisha, mjukuu wangu."

Nilishika hilo kwa mikono miwili. Nilijaza dumu, nikayalaza yale maji siku tatu, nikayamwaga. Nikajaza tena. Niliponusa safari ile sikuwa na uhakika kama nasikia harufu au naikumbuka. Nikafunga kifuniko nikamwambia Mama akiba iko tayari.

Bomba lilikauka hadi wiki ya pili. Bibi huamka kabla yetu, na kabla ya kusali hunywa kikombe kimoja cha maji. Ndoo ilikuwa tupu, kwa hiyo alifungua akiba. Tulimkuta amekaa sakafuni anatokwa mate, jasho linamtiririka kama mtu aliyenyeshewa, na mboni za macho zimekuwa kama vichwa vya pini.

Hospitali wakataka kuona alichokunywa. Mama akalipeleka dumu. Nesi alilimwaga, akalipindua, akalitikisa, na kutoka kwenye mpini yakadondoka matone meupe kama maziwa.

"Hii ni dawa ya kunyunyizia mimea," akasema. "Mpini una uwazi ndani. Mnaosha tumbo, mpini hamuoshi. Na hata mngeuosha, la dawa halirudi kuwa la maji."

Mama akanigeukia. "Muuzaji alikwambia lilikuwa na nini?"

"Sabuni."

"Na hukusikia harufu?"

"Sikusikia kitu," nikasema.

Bibi alipona akarudi mlimani. Krismasi tulipopanda kumwona nilimpa maji ya chemchemi yao wenyewe. Alikipeleka kikombe puani kwanza, haraka, kama anayeficha. Kisha akanitabasamia, akanywa.

Jana, Alhamisi, alikuja yule mama wa Kimaasai anayetuletea maziwa. Tunamwita yeyo, yaani mama kwa lugha yao. Mama alikuwa ametoka. Nikampa shikamoo, akaitika, huku macho yake yako nyuma ya nyumba.

"Lile dumu mnalitumia?"

"Hapana, yeyo. Bovu."

Akalifuata, akalinyanyua, akalizungusha juani. "Halivuji. Mnalificha kama binti anayengoja mahari. Nipe mimi, watoto wanabeba maji mbali."

"Lilikuwa na dawa."

"Nitaliosha."

"Dawa haiishi, yeyo."

"Nitalifukiza kwa moshi wa mti wetu, kama kibuyu cha maziwa. Hakuna harufu inayobaki." Akaliweka begani.

Nikaona kikombe cha Bibi kikienda puani. Nikamshika shuka.

"Bibi yangu nusura afe," nikasema. "Mimi ndiye niliyelinunua. Nilinusa palepale sokoni, nikajua, wakanicheka nikanyamaza. Nikayalaza maji nikidhani yatapona. Usiwape watoto."

Yeyo akalishusha taratibu. Hakuwa ananiangalia mimi. Nikageuka: Mama amesimama kwenye kona na kapu lake. Sijui alikuwa hapo tangu lini.

Hakunipiga wala hakunisema. Aliingia ndani akatoka na nyundo na msumari mrefu. "Toboa." Nikatoboa tumbo, kitako, na mpini nikautoboa pande zote mbili. Mama akampa yeyo moja ya madumu yetu ya njano, la mafuta ya kula, akamwambia aliloweke kwa maji ya moto na sabuni kwanza.

Yeyo alipoondoka, Mama akasema, "Jumamosi unapanda Myamba. Utamwambia mwenyewe."

Jua liliposhuka nilikaa mezani na daftari, nikingoja. Dumu halikulia, hewa sasa inapita. Bado nilikuwa nangoja.

Kesho ndiyo Jumamosi. Sijapanga nitakavyomaliza, ila nitakavyoanza nimeshapanga: Bibi, siku ile uliponieleza habari za ndiva, mimi nilikuwa nauliza habari za dumu.