Kazi ya kuscan nilifanya mimi, mfumo ukamwandika Chepngeno

Wakuu, chamgei nyote. Wa Kericho, wa Bomet na mliotoka mkaenda mbali.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe na siongezi chumvi. Kama ofisini kwenu mnatumia computer moja, soma mpaka chini.

Nafanya kazi kwenye ofisi ya ushirika wa wakulima wa chai. Pale mbele tuko wawili: mimi na Chepngeno, dada mchangamfu aliyeolewa karibu na geti la ofisi. Mimi natoka mbali, na lazima nikamue ng'ombe na kupeleka maziwa kwa cooler, pale yanapopozwa, kwanza. Kwa hivyo Chepngeno hufika kabla yangu kila siku.

Meneja akatuletea mfumo wa kuhifadhi emails na documents. Niwaeleze polepole, kwa wale hawajauona.

Ukituma email, mfumo unabaki na nakala bila kukuuliza. Ukiscan barua ya mkulima, inaingia kwenye hifadhi na chini yake panaandikwa jina la aliyeiweka. Baadaye mtu anaitafuta kwa neno moja tu, kama unavyotafuta jina kwa simu. Na kitu kikishaingia hakifutiki. Hata meneja hawezi.

Ni mfumo mzuri, msiuogope.

Shida ilikuwa sisi. Mvua ikikaribia, network huku hupotea, na kuingia upya kunachukua muda kama kuchemsha maharagwe. Tukakubaliana: atakayefika kwanza aingie na password yake, na asitoke mpaka jioni. Mimi nikifika nakalia kiti kile kile, naendelea. Kwa akili yangu, computer ilikuwa kama jiko la ofisi. Nani anauliza aliyewasha?

Yale makabati ya zamani yenye harufu ya panya, niliyamaliza kuscan mimi. Mikataba ya wakulima, ripoti za mikutano, barua za buying centre, pale wakulima wanapouzia majani. Chepngeno alikuwa kaunta na watu, na niseme ukweli, watu anawaweza.

Siku moja meneja akatuita. Makao makuu wameangalia ni nani ameweka documents nyingi kwenye mfumo. Wanataka huyo azunguke ofisi za Sigor, Siongiroi na kwingine akifundisha wenzake. Cheo kipya, na gari la ofisi kumbeba.

Nilikuwa nimeshaanza kunyoosha sweta.

"Hongera Chepngeno," meneja akasema.

Wakuu, wivu mnaujua?

Chepngeno mwenyewe alishtuka, akaninyooshea kidole. "Lakini meneja, anayescan ni Mama Kiptoo."

Hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Sasa sikuweza hata kumchukia vizuri.

Meneja akageuza screen. Jina la Chepngeno, juu mpaka chini. Akatafuta langu. Ikatokea email moja, ile niliyoombea ruhusa ng'ombe alipokuwa akizaa.

"Mama Kiptoo, sasa niwapelekee wakubwa nini? Hii ya ng'ombe?"

Ofisi nzima ikacheka. Nami nikacheka, na meno yananiuma.

Basi dada akaenda. Nikamwona kupitia dirisha akiingia kwenye gari, kiti cha mbele. Jioni akaweka status, yuko Sigor na sahani ya nyama. Hiyo picha niliiangalia kuliko hata mume wake.

Kisha akapiga simu. "Mama, nisaidie. Mkulima mmoja ako na mafaili mawili huku, nayaunganisha aje?"

Jibu nilikuwa nalo. Na mimi, mtu akiniuliza kitu, siwezi kunyamaza. Nikamwelezea mpaka akaelewa. Akapiga tena kesho yake, na siku iliyofuata. Huko anasifiwa kwa maneno yangu, na mimi niko hapa na panya.

Alipopiga tena, nikakumbuka mfumo unabaki na nakala ya kila email.

"Chepngeno dada, niandikie email. Nitakujibu huko huko."

Akacheka. "Mama umekuwa mjanja!"

"Wewe andika tu."

Akaandika. Nikaingia kwa password yangu, nikingoja network na mkono kwenye shavu, nikamjibu hatua kwa hatua kama namfundisha mtoto wangu. Jina langu likiwa chini. Siku hizi hata watu wa Siongiroi wananiandikia moja kwa moja.

Jana nilipita nyuma ya meneja nikamkuta ametafuta jina langu. Email zinashuka tu, zinashuka, mpaka akamfikia yule ng'ombe chini kabisa. Lakini hakucheka.

Wivu bado niko nao, sitawadanganya. Leo status ni ya Siongiroi na dada amesuka nywele.

Nilichojifunza ni hiki: mfumo haujui nani amechoka, unajua tu nani ameingia. Toka kwa akaunti ya mwenzako, ingia kwa yako, hata kama mvua inakuja. Ukikwama, niulize hapa, nitakuelezea bila haraka.

Na kwenu je, nani anaandikwa kwa jasho lako? Semeni. Lakini kama unaandika kwa simu ya mwenzako, ingia kwanza kwa jina lako.