Mke Mwenzangu na Kioo cha Kanisa

Mwatum ni mke mwenzangu, kwa hivyo ukinisikia namsifu ujue nimeshindwa kujizuia. Kwa kawaida kazi yangu ni kumtafutia ila, na kwa kuwa nyumba zetu hapa Chake Chake zimetenganishwa na ua mmoja tu, sipati tabu kuziona. Chai yake nyepesi. Hakuni nazi ila huacha nusu kwenye kifuu. Akicheka husikika mpaka barabara ya Wete. Lakini akishika koni yake ya piko, hata mimi hunyamaza nikamtazama.

Yeye ni mpambaji. Maharusi wa hapa mjini, wa Ole, hata wa kule Chokocho, huletwa kwake au yeye hufuatwa kwao, akawachora mikono na miguu. Kwanza huvuta mistari myeusi ya piko, kisha hina nyekundu hujaza katikati. Mawifi hupiga vigelegele, picha hupigwa, halafu bi harusi huanza kufua na kusugua masufuria, na maua yote huenda na maji. Mwatum huumia kwa hilo kuliko anavyoonyesha. Siku moja tulikuwa tunachagua mchele akaniambia, "Asya, miye nafanya kazi miaka yote hii, na ukinambia nikuonyeshe kazi yangu sina pa kukupeleka."

Nilimjibu kwamba na mimi napika kila siku, na ukinambia nikuonyeshe chakula sina pa kukupeleka vilevile. Akacheka, lakini si kile kicheko chake cha kufika barabarani. Nikajua limemkaa moyoni. Alitaka afanye kitu kimoja, kimoja tu, ambacho hakitafutika.

Basi tuna jirani yetu, Devotha, mwalimu wa sekondari, kwao Bukoba. Wakristo hapa kwetu si wengi, na kanisa lao ni dogo. Ukutani juu ya altare mna dirisha la kioo kitupu linalotazama mashariki. Jumapili asubuhi jua hupenya hapo likawapiga waumini usoni, wote wakafumba macho, hata padri hajui nani anasali na nani kalala. Walitundika pazia, panya wakalila.

Devotha alikuja kupakwa hina, na huku mkono mmoja ukisubiri kukauka, kwa mkono wa pili akatuonyesha kwenye simu madirisha ya kanisa la kwao. Vilikuwa vipande vya vioo vya rangi, vyekundu, vya buluu, vya kijani, vimeungwa kwa mistari myeusi mpaka vikawa picha za watu wao watakatifu. Alisema anatamani na wao wangepata hata kimoja cha namna ile.

Mwatum aliichukua simu, akaikuza picha kwa vidole, akaitazama karibu mpaka pua ikagusa. "Mbona hii ni piko?" akasema. "Nstari mweusi nje, rangi ndani. Hii ntaichora."

Devotha alidhani mzaha. Mimi nilimtazama mwenzangu machoni nikajua hapana mzaha hapo.

Mume wetu, Hudhaifa, aliulizwa wakati wa chakula cha mchana. Alitutazama mmoja mmoja kwa hofu ya mtu mwenye wake wawili. "Kwanza nambieni, nyie wawili mshakubaliana?"

Tukamwambia tushakubaliana.

"Basi miye ni nani?" akasema, akaendelea na pweza wake. Alichoomba ni kwamba uso wa mtu usichorwe, na Mwatum akamwambia hilo halina haja ya kusemwa. "Miye sichori macho, hata ya kuku."

Siku ya kupatana, Devotha alisema wangependa kuzaliwa kwa Yesu. Mwatum akafurahi. "Nabii Isa! Kisa hicho nakijua tangu chuo cha Kurani. Bi Maryamu ntamgeuza mgongo, ntamtia ushungi, uso hautaonekana." Devotha akasema ni sawa kabisa. Hakuna aliyeuliza zaidi. Kila mmoja alikijua kisa hicho tangu utotoni, na mtu haulizi njia ya kwenda kwao.

Kioo cha dirisha la kanisa kikafunguliwa, kikaletwa kimezungushiwa godoro, na kikalazwa juu ya meza yangu mimi, kwa sababu kwa Mwatum kumejaa makorokoro ya maharusi. Nililalamika sana. Sikusema hapana, lakini nililalamika.

Kwanza alijaribu piko lenyewe. Likakauka, likabanduka. Akajaribu rangi ya mafuta, ile ya milango, na kweli kioo kikawa mlango, nuru haipiti. Ndipo fundi samani mmoja alipompa vanishi, na Mwatum akagundua kwamba ukiitia rangi kidogo tu, nuru hupita na rangi huonekana. Ile mistari myeusi aliitengenezea koni ya nailoni kama ya piko, akaijaza rangi nzito, akatoboa ncha kwa pini, akawa anaikamua taratibu huku pumzi kaizuia. Mstari ulitoka umevimba, ukipitisha kidole unausikia, na ukazizuia rangi zisivamiane.

Mimi kazi yangu ilikuwa kukosoa. Nilimwambia mtende aliouchora ni mnazi. "Ntende wenyewe nimeuona wapi miye?" akanijibu, na tende zake, nikizitazama vizuri, zilikaa vishada vishada kama karafuu. Siku hizo zote nilimpikia hata ilipokuwa si zamu yangu, jambo ambalo nalitaja hapa ili lisisahaulike.

Vanishi ilipokauka alichukua sabuni na dodoki akakisugua kioo. Nikamwambia ataiharibu. Akasugua tena, kwa nguvu, kama anayesugua sufuria lililoungua. Halafu akainuka, dodoki mkononi, machozi yanamlenga. "Asya, haitoki."

Kesho yake Devotha alikuja kukitazama, na pamoja naye bwana Adriano, mwenyekiti wa kigango chao, mtumishi wa serikali ambaye hupenda kila kitu kifuate mwongozo, na mkewe Conchesta, mkunga hospitalini. Tulikisimamisha kioo mlangoni, jua likiwa nyuma yake. Chumba changu chote kikawaka rangi. Devotha akapiga makofi. Kisha makofi yakapungua.

Palikuwa na mtende, na kijito cha maji chini yake. Palikuwa na mwanamke peke yake, mgongo kwetu, ushungi wa buluu, kainamia shina kalishika kwa mkono. Na mkononi, kwa kuwa Mwatum ni Mwatum, palikuwa na maua ya piko kutoka kucha mpaka kifundo.

"Ng'ombe wako wapi?" Devotha akauliza polepole.

"Ng'ombe gani?"

"Wa zizini. Na Yosefu yuko wapi?"

"Yosefu ndo nani?"

"Mume wake Maria!"

Mwatum alinigeukia mimi, mimi nikamgeukia yeye. Wote wawili tumesoma chuo kimoja. "Bi Maryamu ana mume?" akauliza. "Kaozwa lini?"

Bwana Adriano akakohoa. Akaeleza kwa upole kwamba wao wanavyosoma, Maria alikuwa na mchumba wake seremala, wakasafiri pamoja, wakakosa mahali pa kulala, na mtoto akalazwa horini. Mwatum akaeleza kwamba sisi tunavyosoma, Bi Maryamu alikwenda mbali na watu, uchungu ukamshika peke yake chini ya mtende, akaambiwa alitikise shina, tende zikamdondokea akala. Devotha akasema hajawahi kusikia. Mwatum akasema na yeye hajawahi kusikia hayo ya ng'ombe.

"Na huu mkono una nini?" akauliza Adriano.

"Piko."

"Bikira Maria alipaka piko?"

"Kazaa ntoto wa heshima vile, asipambwe?"

Adriano si mtu mbaya. Alisema tu kwamba hapo palipo mti pangekwanguliwa kidogo, Yosefu akatiwa, na ng'ombe hata mmoja angetosha, kwani kama kilivyo wao hawawezi kukiweka juu ya altare. Mwatum akamwambia vanishi haikwanguliwi kidogo. Ukianza mahali pamoja, umekwangua yote. Akaketi kwenye kiti, mikono mapajani, akawa anaitazama kazi yake kama mtu anayeaga.

Kwa haki ya uke wenza ningefurahi. Sikufurahi hata chembe. Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka. Mtu kakaa siku zote zile kwenye meza yangu hapumui, leo aje mtu amwambie akwangue!

"Bwana Adriano," nikasema, "samahani. Wanao walipozaliwa, weye ulikuwa wapi?"

Akafikiri. Akamtazama mkewe. Conchesta, ambaye tangu aingie hajasema neno, aliangua kicheko.

"Sema, baba Abeli. Dada amekuuliza."

"Nilikuwa nje," akasema Adriano.

"Alikuwa nje," Conchesta akatuambia, "anamuuliza mlinzi matokeo ya mpira. Mimi nimezalisha wanawake wa kisiwa hiki na wa bara, na sijamwona Yosefu hata mmoja chumbani. Wote wako nje." Akasogea karibu na kioo, akaweka kiganja chake kwenye ule mgongo wenye ushungi wa buluu, na kicheko kikamwisha. "Huyu mama ana uchungu," akasema. "Tazameni alivyoshika. Ndivyo wanavyonishika mimi. Adriano, huyu sitaki aguswe."

"Lakini Yosefu..."

"Yosefu yuko nje ya dirisha. Kaenda kutafuta maji ya moto."

"Na ng'ombe?"

"Kaenda naye."

Adriano alijikaza, akajikaza, mwisho akacheka mpaka akavua miwani akaifuta. Devotha akauliza padri akiuliza atajibiwa nini. "Ataambiwa hivyohivyo," akasema Adriano. "Yosefu yuko nje."

Jumamosi wakakipachika. Jumapili asubuhi Mwatum akanigongea, kavaa buibui jipya, ati twende sokoni. Soko liko upande mwingine, lakini sikumuuliza. Tulipofika nyuma ya kanisa akanyanyua macho, akasimama ghafla.

"Asya. Kimeharibika."

Na kweli, dirisha lilikuwa jeusi. Hapakuwa na mtende, hapakuwa na mtu, ni madoa meusi tu. Akasema jua limeiunguza vanishi. Akaketi kwenye jiwe kando ya ukuta, na ndani watu wanaimba. Nikaketi kando yake, nikamkung'uta vumbi kwenye buibui lake jipya.

Misa ilipokwisha Devotha akatoka anakimbia. "Mwatum! Umeona?"

"Nimeona. Jeusi tupu."

Devotha akamtazama, akalitazama dirisha, akacheka. "Huku nje ndivyo yalivyo madirisha yote ya rangi, hata ya kwetu. Ni ya kutazamwa kwa ndani."

Mwatum akanitazama. Alikuwa hajaingia kanisani maisha yake, na mimi vilevile. "Kazi yako imo ndani," nikamwambia. "Utaiwacha bila ya kuiona?"

Mlangoni tukavua viatu. Adriano akasema si lazima, tukamwambia tushavua. Tukaingia miguu mitupu.

Ule mtende mpaka leo ni mnazi, nalisema wazi. Lakini ukijani wake ulikuwa umelala sakafuni, tende zilikuwa nyekundu kwenye benchi la mbele, na buluu ya ushungi ilikuwa imemwangukia Mwatum begani. Akasimama katikati ya rangi zake mwenyewe. Nilimngoja. Nilimpenda wakati ule, na kulisema hivi hadharani kunanitia haya, lakini nilimpenda.

"Asya," akasema mwisho, "hii hata nikifa itakuwapo."

"Usife," nikamwambia. "Miye ntabaki na nani?"