Mama wa lojing'i ya Kitui amenitambua

Leo sokoni mjini Wote nimekutana na mama aliyetupa chumba mwaka wa 1993, na bado sijatulia.

Mwaka huo mimi na Mwende, mpenzi wangu, tulitoka Tawa tukaenda Kitui mjini. Tulitaka siku mbili tu mahali ambapo hakuna mtu anamjua baba yangu.

Mbele yetu kwa kaunta ya lojing'i kulikuwa na kijana na mchumba wake. Mama akawaitisha cheti cha ndoa. Hawakuwa nacho, akawafukuza.

Akatugeukia.

"Na nyinyi?"

"Sisi ni mtu na dada yake," nikasema.

(Mwende ni mrefu kama mlingoti. Mimi mnanijua nilivyo mfupi.)

Akatupa ufunguo wa chumba cha kitanda kimoja. Akasema wasichana wenye adabu kama sisi wamebaki wachache.

Miaka yote hii tumecheka vile tulimdanganya mama mlokole.

Sasa leo amenishika mkono hapo kwa meza ya nyanya. Ameniuliza Mwende yuko wapi. Kwa jina.

"Yuko nyumbani, mama. Anapika."

"Yule dada yako."

"Ndiyo, mama."

Akageuza nyanya moja, akaiangalia upande wa chini.

"Mimi nina dada watano. Hakuna hata mmoja amewahi kuniangalia vile alikuwa anakuangalia."

Akalipa nyanya zake, akasema nimsalimie, akaenda.

Niko hapa mlangoni kwetu. Nimwambie Mwende nikianzia wapi?